Rayoni, modali, layoseli au pamba: chagua kwa jinsi nguo itakavyofuliwa

Ukiomba kitambaa chepesi cha dera katika maduka ya Kariakoo au Eastleigh, huenda jambo la kwanza muuzaji akakushushia jora la rayoni. Ukichambua mtumba wa Ulaya, lebo za ndani zitakutajia viscose, modal, lyocell. Na mtandaoni kuna anayeuza mashuka ya "mianzi" kwa bei inayokufanya usome mara ya pili. Vyote hivyo ni vitambaa vya mti. Mbao zimepikwa zikawa rojo, rojo likayeyushwa, kisha likavutwa likawa uzi.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ni mti gani. Swali hilo halina msaada mkubwa. Uzi ukishatoka kiwandani, uwe umeanzia kwenye mkaratusi, msonobari au mwanzi, ni selulosi ile ile, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pamba. Kinachotofautisha vitambaa hivi ni njia iliyopita selulosi hiyo hadi kuwa uzi, na tofauti hiyo huonekana wazi nguo ikilowa. Kwa nguo inayofuliwa na mashine kwa upole, unaweza kulipuuza jambo hili. Kwa nguo itakayosuguliwa kwenye beseni, ikakamuliwa na watu wawili na kuanikwa juani, jambo hili ndilo la kwanza.

Njia tatu za kuupata uzi

Rayoni na viskosi ni kitu kimoja. Wamarekani walianza kuuita rayoni mwaka 1924, Ulaya ikaendelea na jina la zamani. Kwa hiyo usikubali kuuziwa kimoja kwa bei ya juu eti ni bora kuliko kingine.

Njia ya viskosi iliandikishwa Uingereza mwaka 1892 na Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle. Kampuni ya Courtaulds ikaanza kuizalisha kibiashara mjini Coventry mwaka 1905, ikiuza uzi huo kama hariri ya kuiga. Hatua zake hazijabadilika sana. Rojo safi la mbao huloweshwa kwenye kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, likakamuliwa, likasagwa na kuachwa likae. Kisha huchanganywa na kemikali iitwayo kaboni daisalfaidi, na chembe zake zikageuka rangi ya machungwa. Chembe hizo zikiyeyushwa kwenye kostiki hafifu hutoa uji mzito kama asali. Uji husukumwa kupitia vitundu vidogo mno hadi ndani ya asidi ya salfuriki, ile ya betri za gari, na humo huganda ukawa nyuzi za selulosi tupu.

Safari hiyo ina gharama. Minyororo mirefu ya selulosi hukatwakatwa njiani, na ikiganda upya haijipangi kwa kubanana kama ilivyo kwenye pamba. Maji hupata nafasi ya kuingia. Nafasi hiyo ndiyo inayokifanya kitambaa kiwe laini, kilale mwilini na kipokee rangi kali zinazopendeza kwenye madera. Pia ndiyo inayokidhoofisha kikilowa. Hakuna namna ya kupata sifa za kwanza kwa viskosi ya kawaida bila kuichukua na hiyo ya mwisho.

Modali ni viskosi iliyorekebishwa. Kemikali ni zile zile kwa sehemu kubwa, lakini vipimo hubadilishwa na uzi huvutwa zaidi ukiwa bado unaganda, ili minyororo ijipange vizuri. Wajapani walianza kufanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya Lenzing ya Austria ikaijengea modali jina sokoni kuanzia miaka ya 1960.

Layoseli, ambayo lebo huiandika lyocell, imepita barabara nyingine kabisa. Hapa selulosi haigeuzwi kuwa kitu kingine kwanza. Huyeyushwa moja kwa moja ndani ya kiyeyushi kinachoitwa NMMO, ikasukumwa kupitia vitundu, na maji yakakiosha kiyeyushi kikatoka. Kiyeyushi hicho hurudishwa kazini, zaidi ya asilimia 99 kwa mzunguko. Courtaulds waliikuza njia hii katika miaka ya 1980 na kufungua kiwanda mjini Mobile, jimbo la Alabama, mwaka 1992. Jina lao la biashara lilikuwa Tencel, ambalo Lenzing walilinunua mwaka 2004. Angalizo kwa msoma lebo: siku hizi Lenzing huweka jina Tencel kwenye modali pia, basi soma neno linalofuata.

Nambari za kuangalia

Jedwali hili linaonyesha nguvu ya uzi kabla haujakatika, kwa kipimo cha sentinyutoni kwa teksi (cN/tex), yaani nguvu kwa unene wa uzi. Kipimo chenyewe kisikusumbue. Linganisha safu ya kavu na safu ya kulowa. Nambari ni za makadirio ya kawaida ya viwandani, na hubadilika kidogo kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine.

| Uzi | Ukiwa kavu | Ukilowa | Unyevu unaoshika hewani |
|---|---|---|---|
| Pamba | 20–24 | 26–30 | karibu 8% |
| Rayoni (viskosi) | 20–25 | 10–15 | karibu 12–13% |
| Modali | 34–36 | 19–21 | karibu 12–13% |
| Layoseli | 38–42 | 34–38 | karibu 11–12% |
| Poliesta | 40 na zaidi | haibadiliki | 0.4% |

Pamba huongezeka nguvu ikilowa, na ndiyo maana khanga hustahimili miaka ya kusuguliwa. Rayoni hupoteza takriban nusu. Modali nayo hushuka sana, ila kwa kuwa imeanzia juu, ikilowa bado inakaribia rayoni iliyo kavu. Layoseli hupungukiwa kidogo tu, na hata ikiwa imelowa inaipita pamba.

Safu ya mwisho inaeleza jasho. Poliesta haishiki maji, hivyo kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa jasho hubaki juu ya ngozi. Nyuzi zote za mti hunywa unyevu kuliko hata pamba. Mtu aliyezoea dera la poliesta akivaa la rayoni huihisi tofauti hiyo saa sita mchana, bila kuelezwa na mtu.

Gauni na dera

Hapa naichagua rayoni bila kusita, licha ya udhaifu wake. Dera ni pana, halibani popote, halivutwi kwenye kiwiko wala gotini, na mvaaji wake hulitaka kwa namna linavyoshuka na kutikisika. Pamba nyepesi husimama, rayoni hulala. Na katika nyuzi tatu za mti, rayoni ndiyo ya bei ya chini.

Lakini fundi anayekata rayoni bila kuilowesha anajitafutia ugomvi na mteja. Rayoni iliyofumwa hurudi, mara nyingi asilimia tatu hadi tano kwenye kufuliwa kwa mara ya kwanza, na zile za kufumwa kwa ulegevu hurudi zaidi. Kwenye kipande cha mita nne, asilimia tano ni sentimita 20. Gauni lililofika kwenye kifundo cha mguu sasa linaishia juu yake. Lowesha kitambaa chote, kianike kikiwa kimetandazwa, kipige pasi, ndipo ukate. Acha nafasi ya mshono iliyo pana kuliko unayoiachia pamba, kwa kuwa nyuzi za rayoni huteleza na mshono uliobanwa huanza kuachia. Sindano iwe nyembamba, namba 11 kwa vitambaa vingi vya gauni.

Mwambie na mteja namna ya kufua. Akandekande kwa upole kwenye maji ya sabuni, asisugue, na asikamue kwa kuzungusha. Alibonyeze maji yatoke, kisha alianike kivulini. Rayoni iliyolowa ni nzito, na ukiitundika kwa mabega itajivuta.

Layoseli kwenye gauni hilo hilo hulala vizuri zaidi, haijikunji sana, na hufuliwa bila hofu. Bei yake hupanda sana, na madukani kwetu haipatikani kwa urahisi kwa jora. Inalipa kwa nguo ya ofisini itakayovaliwa kila wiki, kama sketi au suruali pana. Kwa nguo ya sherehe itakayovaliwa mara chache siioni sababu. Ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji: ikisuguliwa ikiwa imelowa, uzi wake huchanika kwa urefu na kutoa vinyweleo vidogo, na kitambaa cheusi huonekana kama kimepauka kwenye mikunjo. Watengenezaji wana njia za kupunguza tatizo hili, ila fua nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Sare, nguo za kazi na nguo za watoto

Rayoni ikae mbali. Sare ya shule hufuliwa usiku ikavaliwa asubuhi, magoti na makwapa husuguliwa kwa brashi, na mtoto huvutwa kola na mwenzake ingali na unyevu. Pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta, ndiyo ya kazi hiyo. Vitambaa vya suti vyenye poliesta na rayoni ni jambo jingine: poliesta hubeba nguvu, rayoni huleta ulaini, na suruali za namna hiyo hudumu vizuri.

Nepi za kitambaa na shuka za mtoto mchanga zinahitaji kuchemshwa, na wengine huzitia jiki. Pamba hustahimili. Doti ya khanga iliyochakaa bado haijapata mpinzani katika kazi hii, na sitegemei impate karibuni.

Fulana, chupi na mashuka

Modali inang'ara kwenye fulana na nguo za ndani. Ulaini wake haupotei haraka baada ya kufuliwa mara nyingi, wakati pamba inayofuliwa kwa maji ya chumvi au magumu hukakamaa. Ikichanganywa nusu kwa nusu na pamba, pamba huisaidia ikilowa. Ukikuta mchanganyiko huo kwenye mtumba, na mshono wa kwapa bado mzima, chukua. Modali tupu iliyo nyembamba sana hutoa vinundu haraka.

Kwa mashuka, mwenye kufua kwa mikono abaki na pamba. Mwenye mashine na anayelala bila kiyoyozi akipata layoseli atafurahi, kwa kuwa hunywa jasho na haigandi mwilini.

Hapo ndipo "mianzi" inapojiingiza. Karibu kila kitambaa laini kinachouzwa kwa jina hilo ni viskosi, ambayo rojo lake limetoka kwenye mwanzi. Si uongo kwamba mwanzi upo kwenye historia yake. Uongo ni kudai kwamba uzi umebaki na sifa za mwanzi, kwamba unaua bakteria, au kwamba umetengenezwa bila kemikali. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilianza kuwachukulia hatua wauzaji wa namna hiyo mwaka 2009. Mwaka 2022 kampuni za Kohl's na Walmart zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kuuza rayoni kwa jina la mwanzi na kuisifia kuwa rafiki wa mazingira. Ukiuziwa mashuka ya mianzi, linganisha bei yake na ya rayoni, na uyafue kama rayoni.

Bitana nitaigusa kwa sababu moja. Aseteti, inayotumika sana ndani ya makoti, nayo huanza kama rojo la mbao, lakini kemia yake huiacha ikiwa kitu tofauti na selulosi. Haipumui kama rayoni, pasi ya moto huiyeyusha, na dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni huitoboa. Bitana ya rayoni ni bora kwa hali ya hewa ya pwani.

Mti, mfanyakazi na dhamiri ya mnunuzi

Wapo wanaochagua vitambaa vya mti kwa kuamini kwamba kilichotoka msituni ni safi. Kwa viskosi, tatizo kubwa limekaa kiwandani. Kaboni daisalfaidi ni sumu ya mishipa ya fahamu na ya moyo. Daktari Alice Hamilton alichunguza madhara yake kwa wafanyakazi wa rayoni wa Marekani katika miaka ya 1930. Miongo kadhaa baadaye, kiwanda cha Wonjin nchini Korea Kusini kilitumia mashine kuukuu zilizotoka Japani, na zaidi ya wafanyakazi 900 walitambuliwa kuwa wamedhurika. Kiwanda kilifungwa mwaka 1993, na mashine zikauzwa China. Viwanda vizuri vya leo hunasa gesi hiyo na kuitumia tena. Vibaya huiachia. Jora halina alama ya kukuambia lilitoka kwa nani, na wazalishaji wakubwa wa viskosi wako China, India na Indonesia.

Layoseli inashinda waziwazi kwa upande huu, kwani haihitaji kemikali hiyo kabisa. Kama dhamiri ndiyo inayokuongoza na mfuko unaruhusu, chagua hiyo. Kama mfuko hauruhusu, mimi ningenunua pamba kabla ya kununua rayoni kwa hoja ya mazingira. Pamba imelaumiwa, na kwa haki, kwa kuikausha Bahari ya Aral. Lakini pamba ya Kanda ya Ziwa, kuanzia Simiyu hadi Mwanza, hulimwa na wakulima wadogo kwa mvua, na lawama ya Aral haiwahusu. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli na humwaga vipande vidogo vya plastiki kila ikifuliwa, ila hudumu. Hakuna aliye mweupe kabisa hapa.

Na misitu? Shirika la Canopy la Kanada limekuwa likiyabana makampuni ya mavazi tangu 2013 yaache rojo linalotoka kwenye misitu ya asili. Rojo lingine hutoka kwenye mashamba ya miti. Afrika Kusini kuna kiwanda cha Saiccor cha kampuni ya Sappi, huko Umkomaas, KwaZulu-Natal. Ni miongoni mwa vikubwa zaidi duniani kwa rojo la kutengenezea nyuzi, na hutegemea mikaratusi ya kupandwa. Ina maana gauni la rayoni lililoshonwa Asia linaweza kuwa limeanzia bara hili hili.

Mtu akiuliza kwa nini tusifanye hivyo kwa miti ya Sao Hill, shamba kubwa la miti la kusini mwa Tanzania, jibu liko kwenye usafi wa rojo. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, hutumia misonobari kutengeneza karatasi ngumu za mifuko na maboksi. Karatasi haijali mabaki ya vitu vingine vya mti, na mengine huipa nguvu. Rojo la uzi linatakiwa liwe selulosi kwa zaidi ya asilimia 90, na hilo ni zoezi la ziada, kemikali za ziada na mtaji mkubwa. Na tukishalipata rojo, bado tungelisafirisha nje likafanywe uzi, kama tunavyofanya kwa sehemu kubwa ya pamba yetu.

Kuna wanaojaribu kuuruka mti kabisa. Kampuni ya Renewcell ilifungua kiwanda mjini Sundsvall, Sweden, mwaka 2022, cha kugeuza nguo kuukuu za pamba kuwa rojo la viskosi. Ilifilisika Februari 2024, ikanunuliwa, na sasa inaitwa Circulose. Ukiliona jina hilo kwenye lebo ya mtumba, ni hiyo.

Kupima ukiwa dukani

Muuzaji anaweza kukosea bila nia mbaya, kwa kuwa naye aliambiwa. Chomoa uzi mmoja pembeni ya jora. Uchome kwa kiberiti, mbali na vitambaa. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Pamba na nyuzi zote za mti huwaka kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Kwa hiyo moto utakutenga na plastiki, ila hautakuambia kama ni rayoni au pamba.

Maji ndiyo yatakayokuambia. Chukua uzi mwingine, uloweshe katikati kwa ncha ya ulimi, kisha uvute pande mbili polepole. Wa rayoni hukatikia pale palipolowa, bila kubishana. Wa pamba hukatikia pakavu. Wa layoseli hukataa kwa muda mrefu, na ukiuona unakataa hivyo huku kitambaa kinateleza na kulala kama hariri, bei ya juu ina sababu.

Fanya hivyo kwa uzi wa mtande, unaokwenda kwa urefu wa jora, na wa mshindio, unaokatiza, kila mmoja peke yake. Kuna majora yaliyofumwa kwa poliesta upande mmoja na rayoni upande mwingine, yakauzwa kama rayoni tupu. Hayo hayarudi sana yakifuliwa, na kwa mtu asiye na muda wa pasi huenda yakamfaa kuliko rayoni halisi, mradi alipe bei ya mchanganyiko.